Mlimani Bila Mzigo

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya matembezi na jogingi, Moshi

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa vikundi mliotoka Arusha, Dar es Salaam, Morogoro na Tanga, wazee wangu wa Marangu, na nyinyi wagumu wenzangu, watu wa kazi ya mlimani, mliojibanza viti vya nyuma kana kwamba mkutano huu hauwahusu: wakubwa shikamooni, wenzangu habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa niseme ni nani siku hizi anapanda mlima wetu wa Kilimanjaro kwa kujifurahisha, na anafuata nini huko. Aliyenipigia simu alianza hivi: "Dada, sisi Watanzania hatupandi mlima, njoo utueleze tatizo ni nini." Nikakubali kuja. Lakini maneno hayo nimeyasikia tangu nianze kazi hii, na kila nikiyasikia yananiuma, kwa hiyo naanza nayo.

Hatupandi? Chukueni wageni wawili wanaopanda kwa njia ya Machame kwa siku 6 au 7. Kwa kawaida watakuwa na mwongozaji, msaidizi wake, mpishi, na wapagazi 6 au zaidi. Maana yake langoni wamepita watu 11, na 9 kati yao ni Watanzania. Nendeni pale Machame saa 3 asubuhi wakati mizigo inapimwa, kilo 20 kwa kila mpagazi, muitazame ile foleni ndefu ni ya nani. Ni yetu. Hakuna taifa linalopanda Kilimanjaro kuliko sisi. Tunakwenda juu mwaka mzima, na mahema, na majiko, na viti vya kukunja, na mayai ya wageni yasivunjike. Tunachokosa ni kupanda mikono mitupu. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote leo nitayaning'iniza hapo.

Tazameni hata majina tunayoyakumbuka. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, dunia ikaandika. Kwetu Marangu tunamkumbuka Mzee Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa wakati ule aliyewaongoza kwenye safari hiyo. Alikuwa kazini. Desemba 9 mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha Mwenge na bendera kule juu, na kilele kikaitwa Uhuru. Naye alikuwa kazini, ametumwa na nchi. Mwaka 2012 Wilfred Moshi, mwongozaji wa mlima huu huu, akawa Mtanzania wa kwanza kufika kilele cha Everest. Yeye tayari alikuwa amevuka mpaka fulani, maana Everest hakuna aliyemtuma kubeba. Halafu mwaka 2021 akaja Rawan Dakik, binti wa miaka 20, akafika Everest kwa sababu tu alikuwa anaipenda milima. Kutoka Lauwo mpaka Rawan ni miaka zaidi ya 130. Muda wote huo Mtanzania hakuwa mgeni kwa mlima. Alikuwa mgeni kwa wazo la kwamba anaweza kwenda huko bila kutumwa na mtu.

Mimi mwenyewe nilipanda mara ya kwanza mwaka 2004. Nilikuwa na mzigo kichwani, na nilikuwa mwanamke pekee katika kundi la wagumu 14. Kampuni ya kwanza niliyoiomba kazi, ambayo siitaji, iliniambia mlimani hakuna kazi ya wanawake. Niliondoka pale nikapita njia ya nyumbani, nikakutana na mama zangu wadogo wanashuka kutoka msituni na mizigo ya kuni inayozidi kilo 20. Nikasimama kuwatazama. Mlima umejaa wanawake wenye mizigo, ila mizigo yao haina bei.

Mnaotoka mbali labda hamuujui ule msitu. Juu ya vihamba vyetu, yaani mashamba yetu ya nyumbani, kuna ukanda tunaouita nusu maili. Ulitengwa enzi za Mwingereza ili wananchi wapate kuni na majani ya ng'ombe. Mama yangu alikwenda huko kwa zaidi ya miaka 40. Baadaye, miaka ya 2000, msitu ukaingizwa ndani ya hifadhi na masharti yakakaza. Ninaelewa sababu yake, maana misumeno ilikuwa inaumaliza msitu na mito yetu ilikuwa inakauka. Lakini nataka mwone jambo moja. Mtu wa kwetu akisikia neno "msituni", mwili wake unakumbuka shingo inayouma na askari wa wanyamapori. Ukimwambia twende msituni tukapumzike, anakutazama kama mtu aliyemwalika akapumzike shambani wakati wa palizi. Msiseme haoni uzuri. Anauona kila alfajiri Kibo, kilele kikuu cha mlima wetu, inapofunguka.

Sasa wanaokuja. Nilipoanza, Mtanzania aliyelipa kiingilio chake mwenyewe nilimwona kwa nadra: wanafunzi wa ziara ya shule hadi Mandara, kituo cha kwanza cha vibanda kwenye njia ya Marangu, askari, na kundi la Desemba la kuadhimisha Uhuru. Leo Jumamosi ukifika lango la Marangu unakuta Kosta imetoka Dar usiku kucha, vijana 25 wanashuka wakiwa na fulana za rangi moja, na mara nyingi wanawake ndio wengi. Umri wao, kwa macho yangu, ni kati ya miaka 25 na 40. Ni watu wa benki, wa kampuni za simu, wauguzi, wanasheria, wafanyabiashara wa Kariakoo. Mwaka 2020, ndege kutoka nje ziliposimama na wagumu wengi tukarudi kulima migomba, wachache waliotupatia kazi walikuwa hao. Sitasahau. Kuna watu katika ukumbi huu ambao safari yao ya Juni mwaka ule ndiyo iliyolipa ada ya mwanangu.

Kwa nini wanawake? Nimewauliza njiani, maana kwenye mwendo wa pole pole kuna muda wa kuulizana. Fikirieni mapumziko ya mwanamume wa mjini: ana baa, ana kijiwe, ana mpira wa Jumapili. Mwanamke ana kikoba, harusi na msiba, na kote huko anapika, anaosha vyombo, anapokea wageni. Hata siku ya kuzaliwa kwake anapika. Mlimani, kwa siku tatu au tano, hapiki. Yupo dada aliyeniambia kwamba jioni ya kwanza Horombo, kituo kinachofuata Mandara, alipowekewa bakuli la supu mezani akaambiwa kula, alijikuta machozi yanamtoka, akasingizia upepo.

Na hapo mimi ninabaki na neno kifuani. Yule dada anapumzika kwa sababu supu ile imepandishwa na mtu, na pengine mtu huyo ni mwanamke mwenzake. Simlaumu, na sitaki ajisikie vibaya akila. Ninataka zamu yetu nayo ifike. Nitarudi hapa.

Sababu nyingine mnazijua kuliko mimi, maana nyinyi wa jogingi ndio mlioanza. Watu wanadhani Watanzania wamegundua mazoezi ya nje jana, pamoja na viatu vya gharama. Aliyesoma shule zetu anajua mchakamchaka: alfajiri, pekupeku, mmoja anaimbisha na wengine wanaitikia. Vikundi vya jogingi vya Temeke, Mbagala na Zanzibar vimeuchukua ule mchakamchaka vikautia uhai wa mtaa. Saa 11 alfajiri ya Jumapili barabara ni yao. Wana fulana zao, nyimbo zao, mfuko wao. Mwanachama akiugua wanamwendea, akifiwa wanakwenda kuzika. Nimekimbia nao Mbagala nilipomtembelea dada yangu, na nikaelewa kwamba mtu anaamka saa ile akiwafuata watu, kwanza kabisa. Mazoezi ni kibali chake cha kutoka nyumbani. Kisukari na presha vinamleta mtu wiki ya kwanza, daktari akishamtisha. Wiki ya 30 anaamka kwa sababu asipoonekana watamuulizia.

Kwa hiyo kiongozi anayeniuliza afanye nini watu wake waupende mlima, namwambia asianze na mlima. Aanze na kikundi ambacho mtu atahuzunika kukikosa.

Kuna sababu ya picha pia. Mwaka 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa Horombo, mita 3,720 juu ya bahari, na tangu hapo mtu anaweza kuwaonyesha nduguze mawingu yakiwa chini ya miguu yake. Sitaibeza sababu hiyo. Binti wa Singida akimwona binti mwenzake, mwenye jina na sura kama za kwao, amesimama pale, ndipo anapojua kwamba nafasi ile ipo. Zamani picha zote za kileleni zilikuwa za watu wa mbali, sisi tukitokea pembeni tumeshika begi.

Ila hapa naomba mnisikilize kama mtu aliyewashusha watu usiku kwa machela. Sababu iliyompandisha mtu ndiyo itakayoamua kama atakubali kugeuka. Saa 9 usiku, juu ya Kibo, mtu ana kichwa kinachopasuka, ametapika mara tatu, anayumba kama mlevi. Mwongozaji anamwambia tushuke. Aliyekuja kwa ajili ya afya yake anashuka. Aliyekuja na marafiki anashuka kama rafiki mmoja atashuka naye. Aliyetangaza mtandaoni kwamba kesho atapiga picha penye ubao wa kileleni, huyo anakataa, na wakati mwingine kiongozi wa kikundi anamuunga mkono, "jikaze, bado kidogo." Ndugu zangu, maji yakijaa kwenye mapafu au ubongo ukivimba, kujikaza ni kumuua mtu. Kwenye yale makundi makubwa ya Desemba nimeona watu waliotoka Dar, usawa wa bahari, ambao hawajawahi kulala juu ya mita 2,000, wanasukumwa kwa siku chache kwa sababu tarehe ya sherehe haisogei. Lipieni siku moja zaidi pale Horombo. Kama fedha haitoshi, ishieni Horombo, mrudi na picha ya Horombo. Ni pazuri mno, na Mawenzi, kilele cha pili cha mlima wetu, inaonekana karibu kama jirani.

Nije kwa wasiokuja. Kwenye zile Kosta simwoni mwalimu wa shule ya msingi. Simwoni bodaboda, wala mama ntilie. Mtu husema ni utamaduni, Mwafrika hapendi baridi. Mimi sikubali, na nina mfano wa majirani. Nairobi kuna msitu wa Karura. Watu wa mji ule walikuwa wakiuogopa, kwa wizi na mambo mabaya zaidi. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale kwa kuutetea usigawiwe wajenzi. Baadaye shirika la misitu la Kenya na wananchi marafiki wa msitu ule wakaweka uzio wa umeme na walinzi, na mwaka 2011 njia zikafunguliwa. Leo wanawake wanakimbia mle peke yao, familia zinakwenda na mikeka, watoto wanaendesha baiskeli. Utamaduni wa Nairobi haukubadilika kwa miaka ile michache. Watu walihakikishiwa kwamba watarudi nyumbani salama, wakaenda.

Kwetu kizuizi ni siku. Watu wengi hutaja kiingilio, lakini raia analipa kwa shilingi, na ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni kwa dola. Ongeza nauli, mwongozaji, chakula, na kukodi koti, buti, glavu na mfuko wa kulalia hapa Moshi, hapo pameshakuwa pazito. Lakini hata ukimlipia bodaboda vyote hivyo, nani atamlipa zile siku 5 ambazo pikipiki imelala na hesabu ya mwenye pikipiki inamsubiri? Mwenye ajira anayo likizo. Mwenye kibarua akipumzika ni njaa. Kwa hiyo tukisema tunataka Watanzania wengi zaidi mlimani na mipango yetu yote ni ya siku 5 na 6, tumeshachagua ni Watanzania gani.

Ndiyo maana mimi siku hizi naipigia debe safari ya siku moja. Kutoka lango la Marangu mpaka Mandara ni kama kilomita 8, mita 2,720 juu ya bahari. Mtu wa kawaida anatembea saa tatu au nne ndani ya msitu, mbega weusi kwa weupe wanaruka juu ya kichwa chake, maji yanapita chini ya madaraja ya mbao. Akiwa na nguvu anaongeza mwendo mfupi hadi Kreta ya Maundi, anaiona Kibo kwa upande mmoja na nchi ya Kenya kwa upande mwingine. Jioni yuko nyumbani kwake. Hahitaji mfuko wa kulalia. Hahitaji ruhusa ya bosi, Jumapili inamtosha.

Mwaka jana nilimpeleka mama huko. Ana miaka 71. Nilimwambia tu twende ukaone ninapofanyia kazi. Alivaa kitenge chake kipya na raba za mjukuu. Ile sehemu ya chini alikuwa ananifundisha yeye: mti huu unawaka vizuri, huu unatoa moshi, hapa ndipo marehemu shangazi yako aliangukia na mzigo. Baada ya hapo tukafika mahali ambapo hakuwahi kupita. Miaka zaidi ya 40 kwenye msitu ule, na hakuwahi kwenda zaidi ya pale kuni zilipopatikana. Akanyamaza. Tulipofika Mandara tukaketi kwenye ngazi ya kibanda, nikampa chai ya chupa. Akanywa, akatazama huku na huku, akaniuliza:

"Sasa tunafanya nini hapa?"

Nikamwambia, "Hakuna, mama. Tumekaa."

Akakaa. Nusu saa nzima mama yangu alikaa bila kushika kitu mkononi, na mimi niliyemjua maisha yangu yote sikuwahi kumwona hivyo. Wakati wa kushuka alikuwa anatazama matawi makavu kando ya njia, anatikisa kichwa, anasema kuni nzuri hizi zinaoza. Mikono ilikuwa inamwasha. Lakini tangu siku ile ameniuliza mara mbili tutarudi lini, na mara ya pili alitaka twende na mama Manka, jirani yake, na wengine wa jumuiya.

Nimerudi sasa kwenye lile neno langu. Wagumu wenzangu pale nyuma, wangapi mmewahi kumpandisha mke au mume wako? Wangapi watoto wenu wamefika Mandara? Naona mikono miwili. Watu wanaoujua mlima kuliko wote duniani, familia zao zinausikia kwenye hadithi na kuuona kwenye nguo zenye vumbi za kufua. Na nyinyi wa vikundi mkija tena, pamoja na bahasha ya asante mnayotupa mwisho wa safari, ambayo tunaihitaji, acheni nafasi mbili kwenye orodha yenu ya safari ya siku moja. Mgumu mmoja na mwenzi wake. Wapande kama wageni wenu, wale chakula walichopikiwa. Mzigo wenu siku hiyo mbebe wenyewe, ni chupa ya maji na koti la mvua, hauwashindi.

Jingine linahusu Desemba. Kila mwaka Wachaga tunarudi nyumbani. Barabara ya Segera mpaka Himo inajaa magari, vihamba vinajaa watoto wa Dar, Mwanza na Dodoma ambao majina yao ni ya kwetu na lugha wameiacha njiani. Wanakaa wiki mbili chini ya mlima. Wanakula ndizi na nyama, wakubwa wanakunywa mbege, ibada inasaliwa, na Januari wanaondoka hawajakanyaga langoni, ambapo kutoka vihamba vingine ni mwendo wa miguu. Watoto hao wamepanda ndege kwenda kuona bahari ya Zanzibar. Mlima wa babu yao wanaujua kwa kuutazama kupitia kioo cha gari.

Ninaomba siku moja. Desemba 27 mwaka huu, saa 2 asubuhi, lango la Marangu. Nimeshaongea na waongozaji 11 ambao watajitolea bila malipo, na baadhi yao ni wanawake niliowafundisha mimi. Tutakwenda Mandara na kurudi, watoto, wazazi, bibi wanaoweza, wagumu na wake zao na waume zao. Viongozi wa jogingi mtatuongozea nyimbo, maana mwendo wa watoto bila mchakamchaka hautafika. Kiingilio kila mtu ajilipie kama anaweza, na vikundi vyenye mfuko vichangie wale wa vijijini. Mvua inaweza kunyesha, Desemba yetu mnaijua, kwa hiyo makoti.

Nimekuja na daftari, liko pale mlangoni kwenye meza ya chai. Mama yangu na mama Manka ni namba 1 na namba 2. Wagumu, mkitoka andikeni majina ya wenzi wenu kwanza, ndipo mchukue chai.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.